Sketi ya jinzi, mifuko yake, na swala ya mwanamume

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe wangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Seattle, Marekani, kazi yangu kutengeneza baiskeli. Miezi mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa ngiri, suruali zikawa zinanibana penye mshono. Nikachukua sketi ya jinzi ya mke wangu, ndefu hadi kwenye vifundo, nikawa naivaa nyumbani. Wallahi nilistarehe. Tena ina mifuko minne ya kina: simu, funguo, bisibisi, mswaki wa mti, vyote vinaingia. Kidonda kimepona, lakini sketi sijaiacha, hata kazini naenda nayo na hapa hakuna anayegeuza shingo. Ijumaa iliyopita nikaingia nayo msikitini, mzee mmoja akaniambia nimelaaniwa na swala yangu haikusihi. Nikamwambia kwetu wanaume wanavaa msuli na kikoi, tofauti iko wapi, ila hii ina mifuko? Je, yuko sahihi? Nirudie swala zangu? Na mke wangu naye anaitaka sketi yake.

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Kwanza pole kwa kisu cha daktari, Allah akukamilishie afya. Swali lako limenichekesha, kisha nikaona si la kuchekea, maana ndani yake yamo mambo matatu yaliyofungwa furushi moja: nguo isiyo na miguu, nguo ya mwanamke, na mfuko. Wewe umeyachanganya, na mzee wako kayachanganya vilevile, ila yeye kaanzia upande wa pili.

Kama mzee anadhani nguo isiyo na miguu ni ya kike kwa asili yake, hapo kakosea. Bwana Mtume (s.a.w.) na masahaba zake walivaa izari, kitambaa kinachozungushwa kiunoni, na haji mwanamume mpaka leo anaingia katika ihramu kwa izari na rida, yaani shuka ya mabegani. Msuli wetu na kikoi ni ndugu zake izari. Msomali ana maawisi yake, Myemeni ana futa, Mwomani anavaa wizari ndani ya kanzu, na ndugu zetu wa Indonesia, Mashafi kama sisi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, wanaswalisha watu na saruni. Wala usiseme hizo ni za kuzungusha na sketi ni ya kushonwa. Saruni imeshonwa ikawa kama gunia lisilo na kitako, na hakuna aliyewahi kuiita ya kike kwa sababu ya ule mshono. Suala la mshono wanavyuoni wamelijadili katika ihramu tu. Humo Imamu Nawawi ameruhusu izari kutiwa upindo na kamba ya kukazia kama suruali, na katika zama zetu Shekhe Ibn Uthaymin akaona hata izari iliyoshonwa ncha zake bado ni izari, japo wengine wamelikataa hilo. Nje ya ihramu, cherehani haina hukumu yoyote.

Kwa hiyo hoja yako ya msuli nimeikubali. Lakini haikufikishi unakotaka kwenda.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) laana juu ya mwanamume anayevaa vazi la mwanamke, na mwanamke anayevaa vazi la mwanamume. Sasa vazi la mwanamke ni lipi? Ibn Hajar, akiisherehesha hadithi ile ya Bukhari, ameeleza kuwa namna za mavazi hutofautiana kwa ada ya kila mji, na huenda pakawa na watu ambao vazi la wake zao halitofautiani na la waume zao, isipokuwa wanawake wanajitenga kwa stara. Maana yake kipimo ni ada ya watu wa pale ulipo. Wala si umbo la nguo.

Utaniambia: basi Shekhe, ada ya Seattle iko nami, hakuna anayegeuza shingo. Hapo ndipo nataka utulie. Mtu kutogeuza shingo si ada, ni shughuli zake zimemshika. Katika miji mikubwa unaweza kupita na jogoo kichwani na wasikuulize. Ada ni kile watu wanachokijua kuhusu nguo, sio kile wanachokivumilia. Ukitaka kuijua, usiangalie nyuso za wapita njia. Nenda dukani uliponunuliwa huo mzigo, uangalie umetundikwa upande gani. Sketi ya mkeo imekatwa kwa kiuno chake na nyonga zake, imetundikwa upande wa wanawake, ameichagua yeye, na shoga zake wakiiona wanajua ni yake. Hiyo ni nguo ya mwanamke huko Seattle, na ingekuwa ya mwanamke Tanga pia. Kuendelea kuivaa barabarani baada ya kupona hakukufalii.

Zile wiki za kidonda ni habari nyingine. Dharura huhalalisha kilichokatazwa na hupimwa kwa kadiri yake, na mgonjwa aliyejistiri ndani kwake kwa kilicho karibu sioni wa kumlaumu. Katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiswali usiku, naye yuko ubavuni pake, shuka la Bibi Aisha limemfunika yeye na upande wake mwingine uko juu ya Mtume. Kujisitiri kwa kitambaa cha mkeo si kujifananisha naye. Kutoka nacho mjini kama vazi lako ndiko kunakoleta neno.

Tuje kwenye mifuko, maana naona ndiyo iliyokuteka, na mimi nakuelewa kuliko unavyodhani. Nikiwa mdogo Mombasa nilikuwa nikienda chuoni na kikoi, noti ya shilingi ishirini nimeifutika kibindoni. Siku moja kwenye mteremko wa feri pale Likoni watu walisukumana, kibindo kikafunguka, nikashika kikoi kwa mikono miwili kwanza, kama unavyojua. Noti ikapeperuka kuelekea majini nami naitazama. Nilikuwa na chaguo moja tu, na nilichagua kuistiri aibu yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kumdharau mtu anayesema nguo iwe na mfuko.

Na haja hiyo ni ya zamani. Waarabu waliweka vitu kwenye mikono mipana ya kanzu na ndani ya mshipi. Neno “jaybu”, ambalo Mwarabu wa leo analitumia kwa mfuko, limo katika Qurani pale Nabii Musa (a.s.) alipoamrishwa aingize mkono wake ndani, utoke mweupe bila ya dhara, wafasiri wengi wanasema hapo makusudio ni uwazi wa shingo ya nguo. Haji naye, ambaye kanzu na suruali vimekatazwa kwake, hakuachwa hivihivi: imepokewa kuwa Bibi Aisha aliulizwa kuhusu mshipi wa kutilia pesa kwa aliyehirimia, akaruhusu, ili mtu ashike vizuri masurufu yake. Hata hiyo jinzi yako, ukiitafuta nasaba yake, imezaliwa na mfuko. Mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis wa Nevada pamoja na Levi Strauss walipata hataza ya kupigilia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko, kwa sababu suruali za wafanyakazi zilikuwa zikichanika hapo. Zile duara ndogo za shaba unazozigusa kila ukitoa bisibisi ndizo hizo.

Basi mfuko ni haja, na dini haikuikataa. Lakini haja ikiwa na njia ya halali haikupi ruhusa ya njia nyingine. Wewe una njia ngapi? Msuli na mshipi wa zipu kama wa mahujaji. Msuli wenyewe ukaushonea mfuko kwa ndani, fundi yeyote atakufanyia. Suruali pana. Na nikuambie jambo ambalo nashangaa hukulijua nawe unaishi hukohuko: Seattle mwaka 2000 ilianzishwa kampuni ya kushona sketi za kazi za wanaume, kwa mfano wa kilti ya Waskoti, zenye mifuko mikubwa ya zana. Kilti kwa Waskoti ni vazi la mwanamume, na kwa kuwa haina mifuko wanavaa kijimkoba cha ngozi mbele. Hawa wa Seattle wakaona waitie mifuko yenyewe. Nguo iliyokatwa kwa ajili ya wanaume, ikauzwa kwa wanaume, na watu wakaijua hivyo, asili yake ni halali hata ikiitwa sketi, na hata ikiwa ya jinzi.

Ila angalia urefu. Kilti huishia magotini, nawe uchi wako kwa madhehebu yetu ni baina ya kitovu na magoti. Umesimama imekustiri, ukiinama kutoa mnyororo wa baiskeli, au ukirukuu, inapanda nyuma. Chagua inayofika nusu ya muundi, na isivuke vifundo. Na niya yako uichunguze mwenyewe: kama unaivaa ili uonekane, kuna hadithi ya Ibn Umar juu ya vazi la kujitafutia umaarufu, nayo ni nzito.

Ama swala zako, zimesihi inshaallah, usirudie. Kukosea katika aina ya nguo ni jambo moja na kusihi kwa swala ni jambo jingine: aliyeswali na hariri anapata dhambi na swala yake inasihi. Sharti ni kustiri uchi, na Mashafi wamesema stara inatakiwa juu na pembeni, si kwa chini, ndiyo maana msuli unatosha. Masahaba wengine walikuwa na izari fupi hata wakazifunga shingoni kama watoto, na wanawake waliokuwa nyuma wakaambiwa wasiinue vichwa mpaka wanaume wakae sawasawa. Imo katika Bukhari na Muslim. Lakini itazame ile sketi kwa nyuma. Sketi ndefu za jinzi aghalabu zina mpasuo ili mtu aweze kupiga hatua. Kama mpasuo wake unaishia chini ya goti, umesalimika. Kama unapanda juu na paja likaonekana ulipokuwa unaswali, swala hizo tu ndizo utakazorudia.

Yule mzee mwendee, umsalimie na umshukuru kwa kukuonea uchungu. Kumwambia mtu maalumu “umelaaniwa” hakukumpasa, kwani laana ya hadithi iko juu ya kitendo, lakini kumjibu mzee mbele ya watu nako hakukukupasa wewe. Na sketi mrudishie mkeo leo, umeshaifua, na utoe ile bisibisi mfukoni kwanza.

Wallahu aalam.