Kabla ya kuwafundisha watu kupumua, omba ratiba ya shifti

Umemaliza diploma ya rasilimali watu juzi, na sasa umetumwa uandae mafunzo ya msongo wa kazi katika shamba la maua kule Naivasha. Slaidi zisubiri. Mwombe meneja ratiba ya shifti za miezi mitatu iliyopita. Humo utaona nani hufanya kazi kila Jumapili, nani aliitwa kazini siku yake ya kupumzika, na ni kitengo gani ambacho majina hubadilika kila mwezi.

Wakufunzi wengi wapya hapa Nakuru hufika na michezo na mazoezi ya kupumua. Watu wanacheka, chai inanywewa, kesho yake mambo yako palepale. Si kwamba kupumua hakusaidii: ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hutulia, na aliyetoka kugombezwa hupata nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Yape mazoezi hayo dakika kumi. Lakini mama anayechambua waridi pakihausi, yaani banda la kufungashia maua, wiki mbili kabla ya Februari 14 hateswi na mapafu yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu sugu wa kazini (burnout) kuwa jambo linalotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa: nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi, na utendaji unashuka. Naye mtafiti Robert Karasek aliandika mwaka 1979 kwamba anayeumia zaidi ni yule anayedaiwa mengi huku akiwa hana usemi juu ya kazi yake. Chimba hapo. Uliza nani huamua mtu aende msalani saa ngapi. Tageti ikipandishwa, wafanyakazi huambiwa lini? Mtoto akiugua usiku, mama humpigia nani? Mara nyingi utakuta kero kubwa haihitaji hata shilingi kuiondoa. Mfano ni ovataimu inayotangazwa saa kumi jioni, wakati mwenye mtoto mtaani Karagita, Naivasha, hana tena jinsi ya kumtafutia mtu wa kumpokea. Ikitangazwa asubuhi, nusu ya manung'uniko huisha, na meneja hujiona bingwa. Mwache ajione.

Wasimamizi na vibarua usiwaweke chumba kimoja, hakuna atakayesema la maana. Wala usimtake mtu asimulie shida za nyumbani mbele ya wenzake, maana habari zitafika mtaani kabla yake. Akikujia mtu pembeni akasema haoni sababu ya kuishi, usijaribu kuwa mshauri nasaha. Msikilize, usimwache peke yake, na uhakikishe anafikishwa kwa mtaalamu. Nambari ya mtaalamu huyo na ya hospitali iliyo karibu uwe nazo kabla hujaondoka Nakuru.

Sheria ya Ajira ya 2007 itaje waziwazi: siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Kuna meneja atakayenuna. Mwarifu mapema kwamba utayasema hayo, asije akadhani unawachochea watu.

Wasimamizi vijana wana shida yao: wamebanwa juu na chini, na wengi hawajui kuzungumza na bosi. Wafundishe kusema, "Bosi, nina oda hii na ripoti hii, ipi itangulie?" Mtu akisema "nimelemewa" huonekana mvivu, akiuliza ipi itangulie, bosi hulazimika kuchagua. Wafanye waseme kwa sauti, wawili wawili, mpaka haya iwatoke. Zoezi hili mimi hulitengea muda mwingi kuliko jingine lolote.

Mafunzo ya Januari na Februari yakatae. Machi nayo ina Siku ya Wanawake tarehe 8, na mara nyingi sikukuu ya akina mama ya Uingereza huangukia mwezi huohuo. Omba Juni au Julai, Ulaya ikiwa kwenye kiangazi na oda zimepungua.

Kuhusu malipo, mwajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo inayokwenda NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Kibali huombwa kabla ya mafunzo. Mkumbushe mhasibu siku ileile mnayokubaliana tarehe.