Chuo kujikatia bima chenyewe

Swali: Mhariri, binti yangu anasomea udaktari katika chuo kikuu cha umma hapa Nairobi. Amesikia kwamba baadhi ya vyuo vya umma vya Marekani hujikatia bima vyenyewe dhidi ya madai ya uzembe wa kitabibu. Je, si sawa na kutokuwa na bima? Mama mzazi, Umoja.

Jibu: Si sawa, mama, mradi fedha zimetengwa kweli. Huko Florida, sheria inaruhusu mfuko maalumu unaolipa mawakili na fidia, na katika mipango ya aina hii mchango hupimwa kwa hatari ya kazi, hivyo madaktari wa uzazi huchangiwa zaidi kuliko wa ngozi, huku wakadiriaji wa hatari za bima wakihesabu hata madai ambayo bado hayajafunguliwa. Kwa maoni yangu, kinga kubwa zaidi ya mfuko huo ni kikomo cha fidia kilichoanza kutumika Oktoba 2011: dola 200,000 kwa mdai mmoja na 300,000 kwa tukio zima, isipokuwa bunge la jimbo liidhinishe nyongeza. (Mgonjwa aliyepooza maisha yake yote ataitazama hesabu hiyo kwa jicho jingine.)

Kabla ya kuingia wodini, binti aulize afisi ya mkuu wa kitivo, kwa maandishi, kama kinga ya chuo inamfikia mwanafunzi akiwa katika hospitali isiyo ya chuo.