Eti kitabu kiliandikwa kwa wanja?

SWALI: Mhariri mambo, nimesikia kuna mama wa Misri aliandika kitabu jela kwenye tishu za chooni, kweli au stori tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Kweli kabisa ndugu yangu, huyo ni Nawal El Saadawi, daktari, kazaliwa 1931 kijiji cha Kafr Tahla, mwaka 1972 akapigwa chini wizara ya afya kisa kitabu chake cha wanawake na ngono, na ukeketaji aliupinga waziwazi maana yeye mwenyewe alikeketwa ana miaka 6. Septemba 1981 Sadat, rais wa Misri enzi hizo, akamsweka gereza la Qanatir, kalamu marufuku, sasa kuna mfungwa mwenzie, kahaba, ndo akampenyezea penseli ya wanja (ujasiri huo!). Oktoba Sadat akauawa, haikupita muda mama akatoka. Kafariki Cairo, Machi 2021.