Herufi zinajirudia kwenye kibodi ya gharama: kabla hujairudisha, angalia namba ulizoweka

SWALI: Fundi, nilisoma maoni ya wanunuzi mpaka macho yakauma kabla ya kununua kibodi ya gemu yenye swichi za sumaku. Karibu wote wameipa nyota tano, na wengi wanashauri jambo moja: weka mpaka wa mbonyezo (kina ambacho kitufe kikifika kinahesabiwa kimebonyezwa) 0.1 mm kwenye kila kitufe, washa Rapid Trigger (kitufe kizimike mara tu kidole kinapoanza kuinuka), panda hadi Hz 8000 (mara ambazo kompyuta inaiuliza kibodi kwa sekunde). Nimefanya vyote. Sasa nikiandika, herufi zinajirudia, na kwenye gemu mhusika wangu anatembea kwa kusitasita ingawa nimeshikilia W, ya kwenda mbele. Wale wachache waliotoa nyota moja wanalalamikia hilihili. Rafiki yangu anasema nipulizie mafuta kwenye swichi. Nimeuziwa mbovu? Niirudishe?

JIBU: Ndugu yangu, hayo mafuta yaweke mbali kabisa, na kibodi usiirudishe bado. Kwa dalili ulizoeleza, inawezekana sana kwamba inatii ulichoiamuru. Amri ndiyo mbaya.

Fungua programu ya kibodi yako, nenda kwenye ukurasa unaoonyesha kina cha kila kitufe kwa mstari unaopanda na kushuka. Usiguse kitu. Tazama W tu. Usishangae ukiona namba inacheza yenyewe, inapanda kidogo, inarudi, inapanda tena. Sasa laza kidole juu ya kitufe kama unavyokilaza ukisubiri raundi ianze. Namba itapanda kabla hujabonyeza chochote, kwa uzito wa kidole peke yake, na mara nyingi itapita 0.1. Wewe umeiambia kibodi kwamba 0.1 ni mbonyezo. Ifanye nini?

Ndani ya swichi ya sumaku hakuna chuma kinachogusa chuma. Shina la kitufe limebeba kipande kidogo cha sumaku, na chini yake, kwenye bodi, kuna sensa inayopima nguvu ya sumaku hiyo kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Sumaku ikikaribia, sensa inasoma nguvu zaidi, na chipu inaigeuza nguvu hiyo kuwa milimita. Hakuna kipimo cha namna hii kisicho na mtikisiko. Joto hubadilisha nguvu ya sumaku, sumaku za vitufe jirani huingilia kidogo, na umeme wenyewe haujatulia. Kwa kuwa safari ya kitufe ni kama milimita 4, mtikisiko huo hauna madhara yoyote ukiweka mpaka wa mbonyezo mahali pa busara. Ukiuweka juu kabisa, kama hapo kwenye 0.1, chipu haina tena namna ya kutofautisha kubonyeza na kupumua.

Kusitasita kwa mhusika wako kunatokana na Rapid Trigger. Kwenye kibodi ya kawaida kitufe huzimika kikirudi juu na kupita nukta iliyopangwa. Rapid Trigger huondoa nukta hiyo: kitufe kinazimika pale pale kinapoanza kupanda, na kinawaka tena kinapoanza kushuka, popote kilipo. Kipengele hiki sikibezi. Kwa anayecheza gemu za kufyatua risasi kama Counter-Strike 2 au Valorant, ambako kusimama ghafla kabla ya kufyatua ndiko kunakoamua risasi iende wapi, kina faida unayoihisi siku ya kwanza. Lakini unyeti wake, yaani umbali wa kupanda au kushuka unaotosha kuzima au kuwasha kitufe, ukiwa nao 0.1, maana yake ni kwamba kidole kikilegea kwa sehemu ya kumi ya milimita, W imezimika. Hakuna kidole cha binadamu kinachotulia kiasi hicho katikati ya mapigano.

Kwa hiyo fanya hivi. Tengeneza profaili mbili, yaani seti mbili za mipangilio unazoweza kubadilishana. Ya kuandikia: mpaka wa mbonyezo milimita 2, Rapid Trigger imezimwa kabisa kwenye vitufe vyote. Ya gemu: W, A, S na D, vitufe vya kutembea, ziwe kati ya 1.0 na 1.5, unyeti wa Rapid Trigger uanzie 0.3 na iwashwe kwenye hivyo vinne tu. Vitufe vya bomu, kupakia risasi na vingine ambavyo hutaki viguswe kwa bahati mbaya viache kwenye 2. Halafu fanya kalibresheni upya (kuifundisha kibodi juu na chini ya kila kitufe), kitufe kimoja kimoja, ukikandamiza mpaka chini na kukiachia mpaka juu, bila haraka. Ukishazoea, shusha namba polepole mpaka uone dalili zinarudi, kisha panda hatua moja. Hapo ndipo mpaka wako ulipo. Wa mwingine uko kwingine.

Ikiwa baada ya hayo bado kuna kitufe kimoja kinachojirudia, na kibodi yako inaruhusu swichi kung'olewa, badilisha swichi yake na ya kitufe kingine na ufanye kalibresheni tena. Tatizo likihamia kule, swichi ndiyo mbovu, na hiyo hubadilishwa peke yake. Likibaki pale pale, ni sensa au bodi. Hapo sasa irudishe, tena bila aibu.

Nimemaliza la kwako. Sasa niseme linalonichosha, kwa sababu swali hili linanifikia kila mara likiwa na mipangilio ileile mitatu. Watu wameaminishwa kwamba namba ndogo ya milimita na namba kubwa ya Hz ni kasi. Hebu tupige hesabu. Tuseme kidole chako kinashuka kwa kasi ya milimita 300 kwa sekunde. Tofauti kati ya mpaka wa 1.5 na wa 0.1 ni milimita 1.4, yaani chini ya milisekunde 5. Kuona kitu kwenye skrini na kuanza kukijibu kunamchukua binadamu kama milisekunde 200, mara nyingi zaidi. Zile 5 ulizookoa unazilipa kwa mibonyezo ambayo hukuikusudia, na mbonyezo mmoja wa bahati mbaya unakugharimu raundi nzima.

Hz 8000 nayo ni hivyo hivyo. Kibodi ya kawaida ya USB huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Kutoka hapo kwenda 1000 ni hatua ya kweli: unasubiri milisekunde 1 tu kwa kiwango cha juu. Kutoka 1000 kwenda 8000 unashuka hadi 0.125. Umeokoa, kwa wastani, chini ya nusu milisekunde. Skrini ya Hz 144 inabadilisha picha kila milisekunde 6.9, na ya Hz 60 kila 16.7. Nusu milisekunde hiyo itapotelea humo bila mtu kuiona. Wakati huo kichakataji cha kompyuta kinasumbuliwa mara nane zaidi, na kwenye mashine isiyo na nguvu gemu lenyewe linaanza kukwama. Mwenye kibodi anasema kibodi mbovu! Irudishe 1000, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta na si kwenye habu (kifaa cha kugawa tundu moja la USB), uone.

Tena kuna jambo ambalo sanduku halisemi: kuulizwa mara 8000 hakuna maana kama kibodi yenyewe inakagua vitufe vyake mara chache kuliko hapo. Itajibu jibu lilelile mara kadhaa, upesi sana.

Kuhusu mafuta. Huyo rafiki yako hana nia mbaya, amebeba ushauri wa kibodi za aina nyingine. Swichi za zamani za mekanika, kama zile za Cherry MX zilizotokea miaka ya 1980, zina vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Vikigusana vinarukaruka kwa muda mfupi sana, na kibodi husubiri milisekunde chache vitulie kabla ya kukubali mbonyezo. Vikichafuka au kuchoka, vinarukaruka kuliko muda uliotengwa, na herufi zinajirudia. Hata huko dawa yake ni kisafishio cha vifaa vya umeme kinachokauka bila kuacha utando, au kubadilisha swichi. Si mafuta ya kulegeza nati. Kuyatumia kwenye swichi ya sumaku, ambayo haina chuma cha kugusana, ni kumtia dawa ya macho mtu anayeumwa jino.

Na madhara yake nayaona mezani. Unang'oa kofia ya kitufe, shina linang'aa kwa mafuta, na kuzunguka shina pamejikusanya ute mweusi wa vumbi, nywele na makombo. Grisi nyembamba iliyopakwa kiwandani ili shina liteleze imeyeyushwa na kuoshwa. Kitufe kinashuka vizuri lakini kinarudi kwa kujivuta, na kila upande kinakwaruza. Kisha mwenyewe anakuambia, "Wiki ya kwanza ilipona kabisa." Ndiyo, ilipona, na ndiyo maana aliwahi kumshauri na mwenzake.

Hapo ndipo ninapogombana na maoni ya wanunuzi kwa jumla. Sisemi ni ya uongo, ingawa ya kununuliwa yapo, kiasi kwamba mwaka 2024 Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia ya wateja. Shida kubwa ni ya waaminifu: wanaandika mapema mno. Mtu ameitoa kibodi kwenye sanduku, taa zinawaka rangi zote, amecheza usiku mmoja, anaandika kwamba "inajibu haraka ajabu". Alipimaje? Hakupima. Amesoma sanduku na kuturudishia sanduku. Na akiwa ametoka kulipa hela nyingi, moyo wake hauko tayari kusema ametupa pesa.

Nyota moja nazo hazina utakatifu. Nyingine zinahusu mzigo uliochelewa, nyingine ni watu walioweka 0.1 kama wewe. Kwenye kurasa nyingi za mauzo maoni ya toleo la kwanza na la pili yamechanganywa pamoja, ya swichi za sumaku na za mekanika chini ya jina moja. Wastani wa nyota hizo ni wastani wa bidhaa mbili tofauti.

Mimi nikitaka kujua kibodi ikoje, naanza na maoni ya nyota tatu, tena ya waliorudi kuandika baada ya miezi. Hao hawasemi habari za Hz. Wanasema kitufe cha nafasi kimeanza kugongagonga kwa sababu waya unaokishikilia umelegea, tundu la kebo limelegea na kibodi inakatika ukiisogeza, programu yake imesasishwa na kufuta profaili zote, herufi za W na A zimeng'aa kama zimepakwa nta. La mwisho hilo ni la plastiki ya ABS, ambayo husuguliwa na vidole ikawa laini. PBT, plastiki nyingine ya kofia, huchukua muda mrefu zaidi. Kibodi nyingi za bei ya juu zimewahi kutoka na kofia za ABS, na mnunuzi wa siku ya kwanza hawezi kuliona.

Usidanganywe pia na zile "mibonyezo milioni 100". Ukibonyeza kitufe kimoja mara 10,000 kwa siku, kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 27 kuifikisha. Hicho si kitu kitakachokufa kwanza. Kebo, taa, programu iliyotelekezwa na mtengenezaji, hivyo ndivyo vinavyonifikia.

Baya kuliko yote ni hawa wanaouza mafaili ya "seting za mabingwa". Faili ni namba za kidole cha mtu mwingine, kwenye kibodi yenye kalibresheni nyingine, pengine toleo jingine la swichi. Ukiipakia unarithi kutetemeka kwake bila mazoezi yake. Na baadhi ya mafaili hayo huwasha, bila kukuambia, kipengele kinachoachia A (ya kwenda kushoto) yenyewe unapobonyeza D (ya kwenda kulia) ili usimame papo hapo. Agosti 2024 Valve, kampuni inayotengeneza Counter-Strike 2, ilitangaza kwamba kwenye seva zake rasmi za gemu hilo otomatiki za namna hiyo haziruhusiwi, na anayegundulika anatolewa kwenye mechi. Kabla ya kucheza tena, fungua mipangilio yako, tafuta kipengele hicho kwa jina lolote walilokipa watengenezaji wa kibodi yako, na ukikikuta kimewashwa kizime. Kama nawe uliwahi kupakia faili la mtu, lifute, urudishe mipangilio ya kiwandani, ndipo uanze zile profaili mbili nilizokuelekeza hapo juu.