Unaishi barabara kubwa Uingereza na mtoto ana pumu? Anza kwa kuiuliza kaunsili inapima hewa wapi

Jamani wazazi wenzangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie ambao nyumba zenu zimeangalia barabara ya mabasi, naandika hii kwa sababu kila tukikutana kwenye harusi au matanga nasikia yale yale, mtoto anakohoa usiku kucha, daktari kabadilisha inhela mara hii mara ile, dirisha halifunguliki kwa moshi, halafu mtu anamalizia na "sasa utafanyaje". Kuna la kufanya, na linaanzia kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lenu.

Kwanza jueni kwamba kaunsili haipimi hewa kwa hisani. Sheria ya Mazingira ya 1995 inaibana kila kaunsili ikague hewa ya eneo lake, na wakikuta sehemu imepita kiwango lazima waitangaze rasmi kuwa eneo la kusimamia ubora wa hewa, wenyewe wanaita AQMA, halafu waandike mpango wa kuipunguza hiyo hewa chafu. Kwa naitrojeni daioksaidi, ile gesi inayotoka sana kwenye magari ya dizeli, kiwango ni mikrogramu 40 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani lenyewe tangu 2021 linasema isizidi 10. Kwa hiyo ukiambiwa mtaa wenu "uko ndani ya sheria" usidhani wamekwambia hewa ni safi, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa wanapimaje. Ukitoka nje angalia juu kwenye nguzo za taa, utaona kichupa chembamba cha plastiki, urefu kama wa kidole, kimebanwa kwenye nguzo na mdomo wake umeangalia chini. Juu kwenye kifuniko kuna kiwavu kilichopakwa dawa inayonasa ile gesi, kinakaa pale kama mwezi mmoja hivi halafu mtu anakuja anakitoa anaweka kingine, kile cha zamani kinaenda maabara. Hakina betri wala waya, bei yake ndogo, ndo maana wanaweza kuvitundika vingi. Zile mashine kubwa zinazopima saa kwa saa ni ghali, kaunsili nyingine wana chache sana.

Lakini hicho kichupa kina mipaka yake na inabidi uijue kabla hujaenda kubishana na mtu. Kinakupa wastani tu, kwa hiyo ile nusu saa ya asubuhi pale geti la shule ambapo magari yamejipanga yananguruma na watoto wanapita katikati, inamezwa na masaa ya usiku ambayo barabara ni nyeupe. Pia hakipimi vumbi laini, ile PM2.5 inayoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Na kingine watu wengi hawakijui: namba ya nguzoni siyo lazima ndo itumike, wanapiga hesabu kuishusha mpaka pale ukuta wa nyumba ulipo, maana kiwango cha mwaka kinahesabiwa mahali watu wanapoishi, au shuleni na hospitali, siyo ukingoni mwa lami. Ukiona namba mbili kwenye ripoti usishtuke.

Mimi nilipouliza kuhusu mtaa wetu nilijibiwa hakuna tatizo. Nikatafuta ripoti yao ya mwaka kwenye tovuti, nikaruka maelezo yote ya mbele nikaenda kwenye majedwali na ramani kule mwisho, nikakuta kichupa kilicho karibu na sisi kiko kwenye kijia kimetulia ng'ambo ya bustani, na barabara yetu yenye mabasi na malori haina hata kimoja! Yaani tatizo halikuwepo kwa sababu hakuna aliyelipima. Hapo ndo niliacha kulalamika moshi moshi nikaanza kuomba kipimo. Niliandika jina la barabara na namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya taa ninayoitaka, nikataja chekechea iliyopo hapo na kwamba juu ya maduka kuna fleti za watu, nikamnakili diwani wetu. Walikiweka. Majibu yalipotoka hayakupita 40 ila yalikuwa juu kuliko kule bustanini, na ile namba ndo iliyofanya wakubali kuifunga barabara ya shule kwa magari asubuhi na mchana watoto wanapoingia na kutoka. Kama na wewe unataka kuomba, omba kabla mwaka haujaisha, maana vichupa vinapangwa Januari mpaka Desemba.

Wakikuzungusha kuna kanuni za taarifa za mazingira za 2004, unaomba vipimo vyote vya eneo lenu kwa maandishi na kwa kawaida wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 20 za kazi. Imeli inatosha, wala huhitaji wakili.

Na kwa nini nasisitiza hivi, ni kwa sababu ya Ella Adoo-Kissi-Debrah. Binti wa miaka 9 tu, alikuwa akiishi Lewisham, London, karibu na barabara ya South Circular, pumu ikamlaza hospitali mara nyingi mno mpaka akafariki Februari 2013. Mama yake, Rosamund, hakukubali yaishie hapo. Desemba 2020 afisa mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, akatoa uamuzi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na akasema pia mama hakuwahi kupewa taarifa kwamba hewa ile inaweza kuchochea pumu ya mwanae, angepewa angechukua hatua. Mama yule alikuwa anahangaika na mtoto hospitalini miaka yote ile na hakuna aliyemwambia! Kwa hiyo mwambie daktari wako unaishi wapi, sema wazi barabara gani, na siku ambazo utabiri wa hewa, ule wa namba 1 mpaka 10, uko juu mpitishe mtoto njia za ndani zisizo na magari mengi.

Moshi wa majirani nao kaunsili inahusika. Maeneo mengi ya mjini ni ya kudhibiti moshi, utaratibu uliokuja na sheria ya 1956 baada ya ule ukungu mzito wa London wa Desemba 1952 ulioua maelfu, na huko Uingereza ya England bomba la nyumba likitoa moshi faini ni pauni 175 mpaka 300. Nyama choma yenu bustanini haiguswi na sheria hiyo, ila moshi ukiwa kero ya kila siku kwa jirani anaweza kushtaki kwa sheria nyingine. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama baridi ni kali vipi, mkaa unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo gesi inaua.

Ripoti za mwaka kaunsili za England nje ya London zinatakiwa zifike serikalini kufikia 30 Juni, za London zinapitia kwa Meya. Kwa hiyo kuanzia Julai ingia tovuti ya kaunsili yenu utafute, na kama ya mwaka huu haijapandishwa waandikie watu wa afya ya mazingira uwaulize iko wapi, diwani umuweke kwenye nakala.