Kiungulia kimetulia, lakini tonge linakwama

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 53. Kiungulia ninacho mwaka wa 12 sasa. Nikiinama tu kwenye cherehani, maji makali hupanda hadi kooni. Hata kisanduku changu cha nyuzi kimejaa vidonge vya kutafuna. Tangu mwaka jana moto umepungua wenyewe, nikashukuru. Ila sasa tonge la chakula kikavu hukwama katikati ya kifua mpaka nilisukume kwa maji. Je, ndio kupona huko? Na usiku nalalia mito mitatu, inasaidia?

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hilo tonge. Kupungua kwa moto kumekufariji; mimi kumenitia wasiwasi.

Asidi ya tumbo ni kali hasa. Tumbo haliungui kwa sababu hujipaka ute mzito wenye baikaboneti, kemikali inayozimua asidi. Umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna ute wa namna hiyo. Ndani umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, zinazovumilia kukwaruzwa na chakula lakini si kuloweshwa asidi. Tegemeo lake ni mate unayomeza na msuli wa chini unaobana kama bawabu mlangoni. Bawabu akilegea, nawe umeinama umelikunja tumbo, asidi hupanda pamoja na pepsini, kile kimeng'enya kinachosaga protini.

Wewe unajua nguo huanza kuachia wapi: kwenye mshono. Umio nao ni hivyo hivyo. Asidi hulegeza viungo vinavyoshika seli na seli, ikapenya katikati hadi kugusa ncha za neva. Ule moto ndio huo. Zamani tulifundishwa kwamba ukuta huungua kutoka juu kwenda chini, basi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha walichokiona kwa wagonjwa 12 waliosimamishiwa dawa za kupunguza asidi kwa wiki mbili: seli za kinga zilijazana kwenye tabaka za chini, na dalili za kuvimba zilionekana hata pale ambapo uso haukuwa umechubuka. Kwa hiyo asidi hailambi tu juu juu. Huuchochea mwili wenyewe uvimbe.

Hali hiyo ikiendelea miaka, hutokea michubuko, kisha kovu, na kovu hunywea likabana njia. Kwa wengine seli bapa huondoka, mahali pake zikaota seli zinazofanana na za utumbo. Tunaiita hali ya Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyeandika juu yake mwaka 1950. Seli hizo huistahimili asidi vizuri zaidi, na mtu anaweza kuhisi nafuu. Wengi wenye hali hiyo hawapati saratani, lakini wachache huipata, na ndiyo maana hufuatiliwa. Sisemi unayo. Nasema maumivu si kipimo: nimepitisha mrija wenye kamera kooni nikakuta umio umechubuka vibaya kwa mtu aliyelalamika kidogo tu, na wa mwingine aliyekuwa hoi kwa kiungulia ukawa safi kabisa.

Nenda hospitali wiki hii, useme neno "kukwama" kabla ya neno "kiungulia", uombe kupimwa kwa kamera. Ukiwa umepungua uzito, unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami, usingoje hata kesho. Vidonge vya kutafuna huzimua asidi iliyokwisha kupanda, kwa muda mfupi, haviponyi ukuta. Dawa kama omeprazoli hupunguza asidi inayotengenezwa, humezwa kama nusu saa kabla ya kula, na mara nyingi hutumiwa wiki 8. Lakini usianze kuijaribu mwenyewe huku ukiahirisha kamera.

Mito mitatu hukunja kiuno na kulibana tumbo, kwa hiyo huenda inakuzidishia. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, lalia ubavu wa kushoto, na mlo wa mwisho uule muda wa saa tatu kabla ya kulala.