Barua kwa mwanangu aendaye Lisbon

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya Isha, nikaurudia asubuhi. Umesema kazini wamekulipia tiketi na malazi ya siku nne uende kongamano la wakunga Lisbon mwezi wa Juni, na moyo wako hautulii. Ukitoka kutembea mjini unaona utakuwa umekula amana ya watu, na ukikaa ukumbini tangu asubuhi hadi usiku utarudi Mombasa huna la kusema kuhusu Ureno. Ukaniuliza mimi nilifanyaje. Nakujibu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili mara ya kwanza lilinishinda.

Mwaka 1994 nilipelekwa Harare. Hoteli na ukumbi vilikuwa vimeungana, unatoka kitandani unaingia mkutanoni bila kukanyaga barabara. Ilikuwa Oktoba, mijakaranda imechanua mji mzima, nami niliiona dirishani mwa basi la uwanja wa ndege tu, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Niliporudi, nyanyako, Mungu amrehemu, alinikalisha barazani akaniuliza: wanawake wa huko wanajifungulia wapi? Mzazi anapikiwa nini? Mtoto wanambeba vipi? Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa na daftari lililojaa na mkoba wenye nembo. Nyanyako alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake, na kimya kile kiliniuma kuliko kama angenigombeza.

Sasa tuje kwenye amana, maana umefanya vyema kuiogopa. Mada yako unayowasilisha ni deni. Vikao vinavyohusu kazi ya wodi yako ni deni, na ripoti utakayowaletea wenzako waliobaki zamu wakikufidia ni deni kubwa zaidi. Hayo yalipe kwanza, tena kwa kichwa kilicholala usingizi. Lakini si kila kikao kilichoandikwa kwenye ratiba kimeandikwa kwa ajili yako. Usiku kabla ya kila siku kaa na ratiba, weka alama vile ambavyo ukivikosa wagonjwa wetu watakosa kitu, uvihudhurie kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha mwambie mkubwa wako wa kazi waziwazi kwamba unaomba siku moja ya likizo mwishoni, ya gharama yako mwenyewe. Usitoke kwa kujificha. Mtu anayetembea mji kwa kujificha haoni kitu, macho yake yako nyuma yake.

Na kuna jambo ambalo sikulijua hadi nilipofika huko Juni 2009, ulipokuwa darasa la sita. Mwezi huo Lisbon jua huzama saa tatu usiku. Saa tatu, mwanangu! Vikao vilipokwisha saa kumi na moja, Maghribi ilikuwa bado saa nne nzima, mwanga mweupe umejaa juu ya mto Tejo, na watu ndiyo kwanza wanatoka makazini. Hizo ni saa zako, hazina mwenyewe mwingine. Kula kitu, vua beji shingoni, toka.

Ile siku yako ya likizo anzia mtaa wa Belém. Panda tramu namba 15, inafuata mto hadi huko. Jumatatu nyumba ile ya watawa, Jerónimos, hufungwa, basi panga siku nyingine na uende mapema. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa fedha za ushuru wa biashara ya viungo, kwa hiyo pilipili manga na mdalasini wa bahari yetu vimo ndani ya zile kuta. Ukiingia kanisani, karibu kabisa na mlango, utakuta kaburi la Vasco da Gama. Yeye yule aliyefika Mombasa Aprili 1498 na asipatane na wenyeji, akaenda Malindi akapokewa. Amechongwa amelala chali, viganja vimekutana juu ya kifua kama mtu anayeomba, na ubavuni pa jiwe pamechongwa jahazi lenye matanga.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikumbuka mizinga ya Fort Jesus mliyokuwa mkiipanda mkiwa watoto, na yale aliyokuwa akitusimulia babu yangu: kwamba mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliingia na merikebu zake akauteka mji wetu, akaupora na kuuchoma, kwamba ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Watu wetu waliokufa mwaka ule wa moto hawana jiwe, wala hatujui majina yao. Basi niliwasomea Fatiha palepale, kwa sauti ya chini, mbele ya yule mwenye jiwe. Nawe ukifika wasomee.

Siku hiyohiyo jioni niliingia duka dogo la vitambaa karibu na uwanja wa Rossio, katikati ya mji. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, Kiingereza hajui, mimi Kireno sijui. Nikashika foronya nyeupe iliyodariziwa ukingoni kwa uzi wa buluu, nikajisemea tu, "Foronya nzuri hii." Akainua uso. "Fronha," akasema, akaigusa. Nikasema tena, "Foronya." Akacheka, akagonga meza kwa kidole: "Mesa." Nikamwambia, "Meza." Akanyoosha mkono nje, bendera inapepea juu ya jengo la ng'ambo: "Bandeira." Halafu nikamwonyesha leso niliyojitanda. Akaipapasa pindo akasema, "Lenço," neno lao la kitambaa cha kichwa, na nikaelewa kwa nini sisi wa Mombasa twasema leso hali wengine wanasema kanga. Wale bibi zetu walinunua vitambaa hivyo vya Wareno wakavishona pamoja hadi vikatosha kujifunga. Nilikuwa nimeutumia mdomo wangu miaka hamsini bila kujua nani amepita humo. Hata gereza ni neno lao, igreja, kanisa. Na Fort Jesus yetu Waingereza waliigeuza gereza hadi mwaka 1958.

Kuna la kazi pia, na hili ndilo ningependa ulibebe. Ukumbini tulielezwa jinsi Ureno ilivyookoa watoto wake: mwaka 1970 katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai, zaidi ya 50 walikufa kabla ya kutimiza mwaka, mwaka ule niliokwenda hawakufika wanne. Walieleza sababu vizuri: huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1979, wanawake kujifungulia hospitali, vituo vidogo visivyo na uwezo kufungwa na wazazi wa hatari kupelekwa panapostahili. Niliandika yote. Lakini Ijumaa nilikwenda kusali msikiti mkuu, ule uliofunguliwa mwaka 1985, na upande wa wanawake nikaketi karibu na mama wa Msumbiji kaskazini. Anasema Kimwani, mimi Kiswahili, tukaelewana kama watu wa mtaa mmoja. Nilipomwambia mimi ni mkunga alinishika mkono. Akanieleza alivyojifungua mwanawe wa mwisho hukohuko Lisbon, Kireno chake kikiwa bado kizito. Aliyemfasiria daktari ni bintiye wa miaka kumi, amesimama kando ya kitanda. Mtoto yule ndiye aliyemwambia mamake kwamba mapigo ya moyo ya mdogo wake yamepungua. Kichanga kilitoka salama, alhamdulillahi. Ila yule binti, akasema, hadi leo hataki kusikia habari ya kuzaa.

Hilo halikuwemo katika mada yoyote. Nilirudi wodini nikaanza kuhesabu mara ngapi sisi wenyewe tunamwita mtoto amfasirie mamake, Msomali au Mmijikenda aliyetoka mbali. Ilikuwa mara nyingi, na nilikuwa nikifanya hivyo bila kufikiri. Tukaandika orodha ya watumishi na lugha zao, tukaibandika mlangoni: mfagizi, mpishi, mlinzi, yeyote mtu mzima. Karatasi ile wewe uliikuta umeanza kazi.

Mengine ni madogo. Vaa viatu vya soli inayoshika, mawe ya njia zao yamelainika kwa kukanyagwa na yanateleza mvua ikinyesha. Tramu namba 28 ni nzuri lakini wezi wa mifukoni wanaipenda pia. Mkoba uwe mbele. Mkahawani wakikuletea mkate na zeituni ambavyo hukuagiza, ukila utalipa, ukivikataa hakuna atakayekasirika. Supu yao ya majani mabichi huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe, uliza kwanza. Samaki kula bila wasiwasi, Juni ni msimu wa dagaa wakubwa wa kuchoma na harufu yake itakuvuta kutoka mitaa miwili. Ukipata nafasi panda Carmo uone kanisa lisilo paa. Liliporomoka tarehe 1 Novemba 1755, mji ulipotetemeka watu wakiwa ibadani, bahari ikafuata, kisha moto. Mji ulipojengwa upya, paa lile halikurudishwa.

Duka la vitambaa sijui kama lipo bado. Ukilikuta, mwonyeshe mwenyewe leso yako, na uniletee foronya mbili nyeupe. Ile ya mwaka 2009 imechakaa, ila uzi wa buluu bado umeshika.

Mamako